Salme binti Said: Binti wa Mfalme Aliyedai Nasaba Yake Hadi Kaburini

Ukikaa kwenye kikao cha mirathi hapa Pwani, kuna swali moja huchelewesha mambo kuliko mengine yote: huyu ni wa nani? Si kwamba watu hawajuani. Wazee waliopo barazani wanaweza kukutajia babu, na babu wa babu, bila kusita. Tatizo huanza pale mambo yanapotoka barazani na kufika ofisini. Huko wanataka karatasi. Jina la nyanya limeandikwa hivi katika cheti cha ndoa, limeandikwa vingine katika hati ya shamba, na katika cheti cha kifo cha mwanawe halimo kabisa. Kaburi lipo na kila mtu analijua, lakini jiwe lake halina hata herufi moja. Shamba linabaki bila mwenyewe, na ndugu wanaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Wengi wetu hudhani shida hii ni ya wanyonge, watu ambao babu zao hawakuwa na kalamu wala karani. Ndiyo maana leo nawaletea maisha ya mtu aliyezaliwa katika jumba la mfalme, babake akitawala Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na ambaye hata hivyo alihangaika miaka mingi akidai haki ya kuhesabiwa mtoto wa babake. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Kisa cha kutoroka kwake na Mjerumani wengi wamekisikia. Mimi nataka tukifuate kwa njia nyingine: tuwafuate jamaa zake katika mirathi, katika daftari za kanisa na katika makaburi, tuone wapi jina lake linaonekana na wapi linapotea.

Nyumba isiyokuwa na daftari

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Beit el Mtoni, kwenye ufuo wa kaskazini mwa mji wa Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaid, mtawala wa Oman na Zanzibar, yuleyule aliyewavunja nguvu Mazrui wa Mombasa mwaka 1837 na kuitia Fort Jesus mikononi mwake.

Mwaka huohuo wa 1844 ndipo mmisionari Krapf alipofika Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said. Mkewe, Rosine, alifariki mwezi wa Julai pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi lao linajulikana mpaka leo upande wa Nyali. Tazama jambo hilo. Mgeni aliyekaa kwetu miezi michache tu ana kaburi lenye jina na mwaka. Binti wa mwenye nchi, aliyezaliwa mwezi uliofuata, hakuandikwa kokote, kwa sababu Unguja haikuwa na ofisi ya kuandikisha watoto wala sensa ya kuhesabu watu. Watoto wa jumba la mfalme walihesabiwa kwa vinywa vya watu wa nyumbani.

Na hesabu yenyewe haikuwa ndogo. Salme mwenyewe aliandika baadaye kwamba babake alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18. Mke mkuu wa Sayyid Said, Bibi Azza binti Seif, ambaye ndiye aliyekuwa na amri juu ya kila mtu pale Mtoni, hakujaaliwa mtoto. Watoto hao wote walizaliwa na masuria, wanawake walionunuliwa kutoka Uhabeshi, Georgia na nchi za Wacherkezi kule milima ya Kaukazi. Kwa sheria ya Kiislamu hilo halikuwapunguzia kitu watoto wao: mtoto wa suria anayetambuliwa na babake ni mtoto kamili, na anarithi kama mtoto wa mke. Kwa upande wa baba, basi, nasaba ya Salme ilikuwa wazi kama jua la mchana. Ilipanda kutoka Said hadi Sultan, hadi Ahmed bin Said aliyeanzisha utawala wa ukoo huo Oman katika karne ya 18.

Upande wa mama ndiko njia inakokatika. Mamake aliitwa Jilfidan, Mcherkezi. Babake Jilfidan alikuwa mkulima. Vita vilipoingia kwao, majambazi waliwaua wazazi wake na kuwachukua watoto watatu: Jilfidan, kakake na mdogo wao wa kike aliyekuwa bado mchanga wa kulilia mama. Watoto hao walitenganishwa njiani na hawakuonana tena maisha yao yote. Jilfidan aliletwa Unguja akiwa na umri wa miaka saba au minane. Alilelewa na mabinti wa Sayyid Said, akafundishwa kusoma, na alipokua akawa suria wa mfalme. Jina la kijiji chake halikubaki, wala majina ya wazazi wake. Yote ambayo Salme aliweza kuwapa watoto wake kuhusu ukoo wa mamake ni kumbukumbu ya msichana mdogo aliyesikia kilio cha mdogo wake kikipotea barabarani.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu tumezoea kujisifia nasaba ya baba na kuipita kimya nasaba ya mama. Jumba la mfalme lilikuwa vivyo hivyo. Watoto 36 wana baba mmoja anayejulikana na dunia nzima, na mama zao wengi wamebaki majina matupu, wengine hata majina hawana.

Mirathi ya kwanza

Sayyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Oman. Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Alihesabiwa amefikia umri wa kumiliki mali, akapewa fungu lake la urithi: shamba lenye nyumba, na fedha zenye thamani ya pauni 5,429. Hilo lilikuwa fungu la binti, nusu ya fungu la mtoto wa kiume, kama sheria inavyosema. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, ugonjwa wa kipindupindu uliingia mjini na kumchukua mamake. Kwa mama Salme alirithi mashamba mengine matatu.

Kwa hiyo akiwa kijana wa miaka 15 alikuwa mmiliki wa ardhi, na alikuwa na kitu kingine ambacho mabinti wa jumba hilo hawakuwa nacho: alijua kuandika. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, lakini kalamu haikuwa yao. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia kama wanafunzi wa wakati ule walivyofanya.

Kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomtia matatani kwanza. Mwaka 1859 ndugu zake wawili waligombania kiti: Majid, aliyekuwa akitawala, na mdogo wake Barghash. Kwa mapenzi ya dada yake Khole, Salme aliunga mkono upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa katibu wa njama, mwandishi wa barua za siri. Uasi ulishindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid kwa askari wa manowari, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake, na baadaye wakapatana. Kupatana huko nako kukawaudhi Khole na Barghash. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana Barghash ndiye atakayeshika ufunguo wa mirathi siku za mbele.

Daftari la Aden

Salme alikaa mashambani Kisimbani na Bububu kwa muda, kisha akarudi mjini. Nyumba yake mjini ilipakana na nyumba ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa mwaka 1839. Dari za nyumba zilitazamana. Mapenzi yakaingia, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito. Kwa binti wa mfalme, Mwislamu, asiyeolewa, jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona. Mwezi Agosti 1866, kwa msaada wa mke wa daktari Mwingereza aliyekuwa akikaimu ubalozi mdogo, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashushwa Aden.

Mwezi Desemba alijifungua mtoto wa kiume huko Aden, akaitwa Heinrich. Ruete alibaki nyuma Unguja akimaliza shughuli zake za biashara, na Majid hakumgusa. Alipofika Aden, tarehe 30 Mei 1867, mambo mawili yalifanyika siku moja katika kanisa la Kiingereza: Salme alibatizwa kwa jina la Emily, kisha akafungishwa ndoa.

Hapo ndipo maisha yake yanapogawanyika kikaratasi. Kabla ya siku hiyo ni Salme binti Said, na hakuna ofisi iliyomwandika. Baada ya siku hiyo ni Emily Ruete, na ofisi zinamwandika kila anapogeuka. Mtu anayemtafuta katika madaftari ya Ujerumani bila kujua tukio la Aden atamkuta mwanamke aliyeibuka ghafla kama aliyeota kutoka ardhini. Na mtu anayemtafuta Unguja atamkuta binti aliyezimika usiku mmoja wa Agosti. Daraja la maisha hayo mawili ni kurasa za daftari la kanisa katika bandari ya watu wengine.

Mtoto wao wa kwanza hakufika Hamburg. Alifariki njiani, nchini Ufaransa, katika kiangazi cha mwaka huohuo wa 1867.

Majina ya katikati

Hamburg walizaliwa watoto watatu, mfululizo kama ngazi. Antonie alizaliwa Machi 1868, Rudolph Aprili 1869, na Rosalie Aprili 1870. Kwa anayejua kusoma nasaba, majina yao kamili yanasema mengi: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Jina la mbele ni la Kijerumani, la kutumiwa shuleni na sokoni. La pili ni la kwao mama. Katika mji ambao hakuna jirani aliyejua Sayyid Said ni nani, binti yake alimwandikisha mjukuu kwa jina la babu yake, ndani ya daftari za serikali. Watu wa Pwani tunaijua desturi hiyo. Babu hufariki, jina lake likarudi nyumbani kwa mjukuu.

Kisha likaja pigo. Tarehe 6 Agosti 1870 Rudolph Heinrich Ruete alianguka kutoka kwenye tramu ya kukokotwa na farasi, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 31. Mjane alikuwa hajafikisha miaka 26, na kitinda mimba wake alikuwa hajatimiza miezi minne. Sheria za Hamburg za wakati ule hazikumruhusu mjane kusimamia mali peke yake, aliwekewa wasimamizi wanaume. Mwanamke ambaye Unguja alimiliki mashamba kwa jina lake mwenyewe tangu akiwa na miaka 12, huku Ulaya alijikuta akiomba ruhusa ya kugusa mali ya mumewe. Mali hiyo ikapukutika. Alihama mji mmoja baada ya mwingine kutafuta maisha ya gharama nafuu, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mlango uliofungwa

Miezi miwili baada ya kifo cha mumewe, Majid naye alifariki Unguja, na Barghash akakalia kiti. Salme aliona huenda mlango umefunguka. Si huyu ndiye ndugu aliyemwandikia barua za siri na kuhatarisha maisha kwa ajili yake? Isitoshe, hesabu ya mirathi ilikuwa imebadilika. Ndugu zake walikuwa wakifariki mmoja mmoja, Majid mwaka 1870, Khole mwaka 1875, na wengine, na katika baadhi ya mali hizo yeye alijihesabu kuwa na fungu.

Lakini Barghash alikuwa na jibu lenye nguvu ya sheria. Katika fikihi, aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Dada aliyebatizwa Aden alikuwa amejitoa mwenyewe katika orodha ya warithi. Juu ya sheria palikuwa na aibu ya ukoo, na chini ya aibu palikuwa na kinyongo cha zamani. Msomaji anaweza kulitazama jambo hili kwa jicho la dini, au la ndugu, na akapata majibu mawili. Salme mwenyewe alikuwa na hoja moja aliyoishikilia: damu haibatizwi.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye. Mwingereza mkubwa, Sir Bartle Frere, yuleyule ambaye jina lake limebaki kwetu katika mtaa wa Frere Town, alimshawishi asimsumbue mgeni wa serikali, na kwa kubadilishana na hilo watoto wake wangesaidiwa. Alitii. Msaada haukuja.

Miaka kumi baadaye Wajerumani waliona faida katika madai yake. Mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash na kumtaka akubali himaya ya Ujerumani katika nchi za bara, na pia kule Witu, jirani na Lamu. Salme na watoto wake waliletwa pamoja na msafara huo. Kwa serikali ya Bismarck, mirathi ya mjane ilikuwa kamba ya ziada ya kumfunga sultani. Barghash alikubali masharti ya manowari, na mara alipokubali, kamba ile haikuhitajika tena. Madai ya Salme yakaachwa yaelee.

Hata hivyo safari ile ilimpa kitu. Alitembea katika vichochoro vya mji aliouacha miaka 19 nyuma. Watu wa mjini walimfuata makundi kwa makundi wakimsalimia kwa Kiswahili, ingawa ndugu yake alikataa kabisa kumwona. Alipewa ahadi ya fedha kidogo ili jambo liishe, akazikataa, kwa kuwa kuzipokea kungekuwa kukubali kwamba anapewa sadaka wala si haki. Mwaka 1888 Barghash alifariki, Khalifa bin Said akatawala, na Salme akaja tena na bintiye Rosalie kujaribu bahati. Mlango ulikuwa ni uleule. Aliondoka Unguja na hakurudi tena. Hakurudi hata Ujerumani, bali alikwenda kuishi Jaffa na kisha Beirut, mahali ambapo angalau angesikia adhana na lugha ya Kiarabu, mpaka mwaka 1914.

Kitabu badala ya cheti

Katikati ya mahangaiko hayo, mwaka 1886, alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Wengi hukisoma kama hadithi ya majumba na hariri. Mimi hukiona kama cheti alichojiandikia mwenyewe. Humo ametaja baba, mama, mke mkuu, ndugu kwa majina, dada kwa majina, nani alikaa nyumba gani, nani aliugua nini, nani alizikwa lini. Mambo ambayo hakuna karani aliyeyaandika, binti aliyejifunza kuandika juu ya mfupa wa ngamia aliyaandika.

Lazima pia tuseme aliyoyaacha. Mashamba aliyorithi hayakujilima. Yalilimwa na watumwa, na watumwa walihesabiwa ndani ya mali, pamoja na mikarafuu na nyumba. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Waarabu, akidai ulikuwa mwepesi na kwamba Wazungu hawakuuelewa. Haya ni maneno mazito kutoka kwa mtu ambaye mamake mwenyewe alinyakuliwa utotoni na kuuzwa. Kwa sababu hiyo, uwanja mdogo wa mji wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 ulikuja kunyang'anywa jina hilo baada ya watu kusoma tena maandishi yake.

Hapa Pwani jambo hili halituhusu kwa mbali. Katika damu yetu wamo waliorithi mashamba na wamo waliorithiwa pamoja na mashamba. Wa kwanza wana hati. Wa pili, mara nyingi, wana jina moja tu, bila jina la baba, na mara nyingine jina lenyewe walipewa na bwana. Anayetafuta babu wa aina ya pili anaifahamu njia ya Jilfidan: inafika mahali barabarani, kisha kimya.

Mawe ya makaburi

Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Ni miaka ya mwishomwisho tu ndipo Zanzibar ilipomkubalia posho ndogo, wakati wa Sultani Khalifa bin Harub. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg, katika kiwanja cha ukoo wa Ruete, kwa mumewe. Jiwe lake linabeba jina la ndoa, na linamkumbuka kama binti wa kifalme wa Oman na Zanzibar. Yamo pia maneno ya kumsifu mtu apendaye kwao. Inasimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa ufuo wa Unguja alichokuwa akitembea nacho.

Babake, Majid na Barghash wamelala katika makaburi ya Makusurani, kando ya jumba la pwani mjini Unguja. Binti yuko peke yake kaskazini mwa Ulaya. Lakini jiwe moja lenye maneno machache limefanya kazi ambayo manowari na mabalozi hawakuifanya. Limemrudisha kwa babake.

Watoto wake walitawanyika. Antonie alifariki mwaka 1945 katika siku za mwisho za vita, Rosalie mwaka 1948. Aliyeibeba nasaba mabegani ni Rudolph. Mwaka 1906 alibadili jina la ukoo rasmi, akawa Said-Ruete, na lile jina la katikati likatoka mafichoni. Alifuatilia historia ya babu ambaye hakuwahi kumwona, na mwaka 1929 akachapisha kitabu cha maisha ya Sayyid Said. Karatasi za mamake, pamoja na barua ndefu alizoandika kuhusu maisha yake Ujerumani, alihakikisha zinahifadhiwa Leiden, Uholanzi. Alifariki mwaka 1946. Leo jumba la makumbusho la Unguja, penye makao ya masultani, lina chumba cha kumkumbuka Salme. Mlango uliomfungia Barghash umefunguliwa na karatasi.

Sisi tufanye nini

Narudi kwenye kikao chetu cha mirathi. Watu huniuliza kwa nini tusiende tu kutazama sensa. Sensa ya 1948 ilikuwa ya kwanza kuwahesabu Waafrika wote Kenya kwa utaratibu, na matokeo ya sensa hutupa idadi, hayatupi babu zetu kwa majina. Tusisubiri serikali itutunzie nasaba. Karatasi zetu ziko kwingine: hati za ndoa kwa makadhi, hati za wakfu wa misikiti, hati za mashamba zilizokunjwa ndani ya masanduku, wasia ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ambao hakuna anayejua tena kuusoma, na mawe ya makaburini. Hapa petu watu walijua tangu zamani kuandika juu ya kaburi. Pale Gede kuna kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na tarehe hiyo inasomeka. Sisi wa leo tuna kalamu, simu na kamera, na tunazika mtu bila kubao.

Anza na walio hai. Mkalishe mzee wako, muulize majina, na usikubali kuishia kwa baba wa baba. Uliza mamake aliitwa nani, binti wa nani, alitoka wapi. Kama alikuwa na jina la nyumbani na jina la kitambulisho, andika yote mawili, maana ndugu wengi wamepoteza haki zao katikati ya majina mawili ya mtu mmoja. Kama alibadili dini, au aliolewa mbali, au aliondoka kwa ugomvi, usimfute. Mirathi ina sheria zake na makadhi wapo wa kuamua nani apate nini. Kumwandika mtu kwamba alizaliwa, na alizaliwa na nani, si kumgawia mali.

Sikukuu ya Idi ijayo, wengi tutakwenda kuzuru makaburi kama kawaida yetu. Safari hii tuchukue daftari. Kila kaburi tunalolijua kwa kuelekezwa na kidole, tuandike ni la nani, na mamake ni nani, kabla kidole chenyewe hakijaingia mchangani.